Kiburu, soseji na kinga ya mwili: walichokiona watafiti wa Moshi

Vijana wa kiume 77 wa mkoani Kilimanjaro, wote wazima wa afya, walikubali kugeuziwa sahani. Wa vijijini, waliozoea kiburu, yaani ndizi na maharage, pamoja na ulezi na mboga za majani, walilishwa kwa wiki mbili soseji, mkate mweupe, chipsi na vyakula vingine vya namna hiyo. Wenzao wa mjini, ambao chipsi kwao si kitu kigeni, wakarudishwa kwenye chakula cha mlimani. Kundi la tatu lilipewa mbege kila siku kwa wiki moja. Vijana kumi waliachwa waendelee kula walivyozoea, ili wapatikane wa kulinganishwa nao.

Hakuna aliyepewa kidonge wala sindano ya tiba. Kilichotakiwa kwao ni damu: kabla ya kuanza, walipomaliza, na tena kwenye ufuatiliaji wa wiki nne. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni Godfrey Temba, mtafiti wa biokemia wa chuo cha tiba cha KCMC, Moshi. Miongoni mwa wenzake wamo Profesa Blandina Mmbaga wa taasisi ya utafiti ya KCRI, iliyo hapo hapo KCMC, na Quirijn de Mast wa hospitali ya chuo kikuu ya Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi. Ni kazi iliyostahili kubishaniwa kwenye vijiwe vya kahawa na magenge ya mama lishe, maana inahusu sahani ya mtu wa kawaida, na vipimo vyenyewe vimetoka kwenye damu ya watu wetu.

Kama utafiti huu ungekuwa umegundua tu kwamba chakula cha bibi ni kizuri, nisingepoteza wino. Hilo kila mtu analisema, hata yule anayelisema huku anamalizia chipsi mayai. Jambo jipya ni lile lililoonekana ndani ya damu ya vijana wa kijijini baada ya siku kumi na nne za soseji na mkate mweupe. Lilikuwa na pande mbili, na kwa mtazamo wa haraka pande hizo zinapingana.

Upande wa kwanza, protini zinazoashiria inflamesheni ziliongezeka. Inflamesheni ni ile hali ya kinga kuwaka: unapojikata kidole kinavimba, kinauma, kinapata joto, kisha kinapona. Hiyo ina kazi yake na ina mwisho wake. Inayowatia madaktari wasiwasi ni ile ya chini kwa chini, isiyo na kidonda wala homa, inayodumu miezi na miaka kwenye mishipa, kwenye ini na kwenye mafuta ya tumboni. Ndiyo inayohusishwa na kisukari cha ukubwani, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Upande wa pili, damu ya vijana hao hao ilipokutanishwa na vijidudu maabara, ilijibu kwa unyonge kuliko ilivyojibu kabla. Kipimo chenyewe hakina uchawi. Damu mbichi inachanganywa na vijidudu au vipande vya vijidudu, inaachwa kwa muda kwenye joto la mwili, kisha wataalamu wanapima saitokini, yaani protini ambazo seli nyeupe hutoa ili kuitana na kupeana amri. Damu yenye kinga iliyo sawasawa huzitoa kwa kishindo inapomwona adui. Ya vijana hawa ilipungua nguvu.

Kwa hiyo kinga imewaka pasipo adui, na adui anapokuja inalegea. Ni sawa na mgambo anayepiga filimbi usiku kucha bila kuona mwizi. Alfajiri mwizi anapoingia, mgambo hana pumzi.

Waliofanya safari ya kinyume, kutoka chakula cha mjini kwenda cha mlimani, walionyesha mwelekeo wa kinyume: alama za inflamesheni kwa sehemu kubwa zilishuka. Wanywaji wa mbege nao vivyo hivyo. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana kwenye ufuatiliaji wa wiki nne, wakati jaribio limekwisha na kila mtu amerudi kwenye chakula chake. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza kuliko yote. Siku kumi na nne ni muda mfupi sana, ni likizo ya mwanafunzi au msimu wa sikukuu. Ni muda ule ambao kijana wa Kibosho au Marangu anakwenda kwa mjomba wake Dar es Salaam, anarudi kanenepa kidogo, na nyumbani wanamsifu.

Kabla ya jaribio

Kazi hii haikuanza na sahani. Ilianza na swali la jumla zaidi: mtu mzima wa afya wa Moshi mjini na mtu mzima wa afya wa Moshi vijijini, je, kinga zao ni moja? Wanaweza kuwa wa kabila lile lile, pengine ukoo mmoja, wanatazama mlima ule ule. Temba na wenzake walipima watu 323, na mwaka 2021 wakachapisha majibu katika Nature Immunology. Kinga hazikuwa moja. Wakazi wa mjini walikuwa na dalili zaidi za inflamesheni, ingawa hakuna mgonjwa kati yao. Watafiti walipochambua mamia ya kemikali zilizomo kwenye damu, tofauti nyingi zilirudi kwenye chakula. Kwa watu wa kijijini kulikuwa na kemikali zitokanazo na mimea, zile ziitwazo flavonoidi, na mojawapo, apijenini, ilihusishwa na kutuliza kinga.

Mwaka huo huo kundi jingine la watafiti, akiwamo Temba, lilichapisha katika Nature Communications uchunguzi wa kinyesi cha Watanzania hao hao 323. Hapa ndipo bakteria wa tumboni wanapoingia rasmi kwenye hadithi. Watu walipopangwa kwa kufanana kwa bakteria wao, walitokea kama ngazi: wa vijijini upande mmoja, Wazungu upande wa pili, na wa Moshi mjini katikati, wakiwa njiani. Kijijini kulikuwa na wingi wa bakteria aitwaye Prevotella copri, mlaji hodari wa nyuzinyuzi za mimea, na hata fangasi walikuwepo. Aina 34 za vijidudu zilionekana kwenda sambamba na namna damu ya mtu inavyojibu inapochokozwa.

Bakteria hawa hukaa utumboni, hawamo kwenye damu. Inakuwaje basi wapange mambo ya kinga ya mwili mzima?

Jibu linaanzia kwenye ukuta wa utumbo. Seli nyingi za kinga za mwili wa binadamu, makadirio ya kawaida ni asilimia 70 hivi, ziko kwenye utumbo au pembeni yake. Haziko huko kwa bahati mbaya. Utumbo ndio mahali ambapo kila siku mwili unakutana na vitu vya nje kwa wingi: chakula, vumbi, na bakteria wenyewe, ambao kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2016 wanafika trilioni 38 kwa mtu mzima. Kati ya umati huo na damu yako pana utando wa ute na safu moja tu ya seli. Moja. Ukiifikiria vizuri, ajabu si kwamba watu wanaumwa tumbo; ajabu ni kwamba hatuumwi kila siku.

Sasa, unapokula maharage, ndizi mbichi zilizopikwa, dona au mchicha, sehemu ya chakula hicho tumbo lako haliwezi kuisaga. Inapita salama mpaka utumbo mpana, na huko inawakuta wanaoiweza. Bakteria wanazichachusha nyuzinyuzi na wanga mgumu, wanapata riziki yao, na wanachokitoa ni asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha zile seli za ukuta. Pia inasema na kinga. Mwaka 2013 maabara tofauti za Marekani na Japani zilionyesha, kwa kutumia panya, kwamba asidi hizi zinaongeza aina ya seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Bila seli hizo kinga inashambulia hata visivyostahili.

Na bakteria wasipopelekewa nyuzinyuzi hawafi wote kwa utaratibu. Wengine wanageukia kilichopo, na kilichopo ni ule utando wa ute. Mwaka 2016 watafiti wa Michigan na wenzao wa Ulaya walionyesha kwa panya jinsi bakteria wenye njaa walivyoula ute mpaka ukawa mwembamba, na kijidudu cha maradhi kilipoletwa kikapata njia rahisi. Kwa wanaopenda kiporo niseme hapa, kwa furaha kidogo: wanga uliopikwa ukapoa huzalisha zaidi ule wanga mgumu unaofika kwa bakteria. Ndizi za jana usiku hazina aibu.

Daktari wa Mulago na vinyesi vya mashambani

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya karne hii, aulize Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika huko mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Lakini jambo jingine lilimkaa kichwani: magonjwa yaliyojaa wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, kwa wagonjwa wake wa mashambani yalikuwa nadra. Mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka 30 hivi, alikuwa ameona hayo hayo.

Burkitt alifanya alichoona ni cha busara. Alipima kinyesi. Mwaka 1972, katika jarida la Lancet, yeye na wenzake walionyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa kinyesi kizito zaidi ya mara tatu ya Waingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi. Akaishika nyuzinyuzi kama sababu, akaihubiri mpaka uzeeni. Alichokosa ni vifaa vya kumwambia nani anayekula hizo nyuzinyuzi mle ndani. Bakteria wengi wa utumboni hufa wakiguswa na hewa, na mpaka ulipopatikana uwezo wa kusoma vinasaba vyao moja kwa moja kutoka kwenye kinyesi, walikuwa kama hawapo.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alifanya kitu kinachofanana na kile cha Moshi. Wamarekani weusi 20 walilishwa chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakalishwa chakula cha Kimarekani. Wiki mbili pia. Kwa Wamarekani nyuzinyuzi zilipandishwa mpaka gramu 55 kwa siku, butirati ikaongezeka zaidi ya mara mbili, na dalili za inflamesheni kwenye utumbo mpana zikapungua. Kwa Waafrika Kusini mambo yalikwenda kinyume. Tofauti ya Moshi na jaribio hilo ni kwamba Moshi hawakuvuka bahari kutafuta mtu wa kumlinganisha. Mla soseji na mla kiburu walipatikana ndani ya mkoa mmoja. Hiyo pekee inatuambia tulikofika.

Wahadzabe na tamaa ya dunia

Huwezi kuandika habari za bakteria wa tumboni Tanzania ukawaruka Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Tangu mwaka 2014, Stephanie Schnorr na wenzake walipochapisha uchunguzi wa Wahadzabe 27 wakilinganishwa na Waitaliano 16 wa Bologna, jamii hii ndogo ya watu elfu moja na kitu imekuwa maarufu kwenye maabara za dunia kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama ya kuwinda. Nyuzinyuzi zao hukadiriwa kufika gramu 100 kwa siku na kuzidi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima walau gramu 25.

Mwaka 2017, Justin Sonnenburg wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha katika jarida la Science, kwa sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188, kwamba bakteria wao hubadilika kwa misimu. Baadhi hufifia masika, wakati wa asali na matunda, kisha hurudi kiangazi. Mwaka 2023 kundi hilo likarudi na hesabu nzito zaidi katika jarida la Cell: Mhadzabe kwa wastani alikutwa na aina 730 za vijidudu, mkazi wa California 277. Mmoja wa waliopotea kwa watu wa viwandani ni Treponema succinifaciens. Ni ndugu wa mbali wa kijidudu cha kaswende, ila huyu hana ubaya, na nyuzinyuzi anazimudu vizuri.

Hapo ndipo baadhi ya watu wakapoteza kiasi. Mwaka 2014 mtafiti mmoja Mmarekani alitangaza mwenyewe kwamba amejiingizia kinyesi cha Mhadzabe kwa njia ya haja kubwa, akitumaini kuwapata bakteria hao. Wapo waliocheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Wahadzabe wanapungukiwa ardhi ya kuwinda mwaka hadi mwaka kwa sababu ya wafugaji, wakulima na watalii, na huku dunia inataka kilichomo tumboni mwao.

Isitoshe, hadithi ya Wahadzabe inatumika vibaya kwa namna nyingine. Inamfanya msomaji wa Mwanza au Mombasa adhani kuwa na tumbo zuri kunataka upinde na mshale. Waliopimwa na akina Temba hawali mizizi ya porini. Ni wakulima wa migomba na wenzao wa mjini, watu wa sokoni na dukani. Ndiyo maana nauona utafiti wa Moshi kuwa na faida kwetu kuliko ule wa Eyasi: unamhusu mtu anayeweza kesho kununua maharage badala ya soseji.

Kuna pia fundisho dogo la unyenyekevu. Wahadzabe 27 wa mwaka 2014 hawakuwa na Bifidobakteria, wale wanaotangazwa kwenye vikopo vya mtindi wa bei kubwa kama bakteria wazuri. Ila kwenye uchunguzi wa Watanzania 323, Bifidobacterium longum alikuwa mmoja wa wanaoonekana kugusa kinga. Kwa hiyo bakteria mzuri ni mzuri kwa nani, akiwa na nani, akilishwa nini? Anayekuuzia kidonge cha kusafisha tumbo na kupandisha kinga hana jibu la swali hilo, na bado anachukua pesa yako. Mjini siku hizi wamejaa, wengine na makoti meupe. Sijaona utafiti wa kueleweka unaoonyesha kwamba mtu mzima wa afya anapata kinga mpya kwa vikopo hivyo.

Kikombe cha mbege

Turudi kwenye mbege, maana najua kuna waliosubiri. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Wengine hutia gome la msesewe lipate uchungu. Vinapokutana, chachu na bakteria wanafanya kazi mpaka kinywaji kinyweke, na kinanyweka wakati bado wako hai. Kwenye jaribio, wiki moja ya kinywaji hicho ilitosha kushusha alama kadhaa za inflamesheni.

Wazo la kwamba kilichochachuka kinasaidia mwili ni la zamani. Ilya Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi ya kinga, alikuwa mpenzi mkubwa wa maziwa ya mgando na aliamini yanaongeza umri. Ushahidi ulikuja taratibu. Mwaka 2021 Stanford waliwagawa watu wazima 36 makundi mawili kwa wiki 10: wengine nyuzinyuzi nyingi, wengine vyakula vilivyochachuka. Waliokula vilivyochachuka waliongeza aina za bakteria, na protini 19 za inflamesheni zikashuka kwenye damu. Wa nyuzinyuzi hawakuongeza aina za bakteria, na kinga zao zilijibu kila mtu kivyake. Dhana ya watafiti ni kwamba Wamarekani wengi wameshawapoteza walaji wa nyuzinyuzi, kwa hiyo chakula kinafika na mezani hakuna mtu. Kwa panya hilo lilishaonekana mwaka 2016: wakinyimwa nyuzinyuzi vizazi vinne, baadhi ya bakteria hutoweka, na kuzirudisha nyuzinyuzi peke yake hakuwarudishi.

Tanzania yenyewe ilikuwa na utafiti wake mapema. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha matokeo kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachuka waliharisha mara chache kuliko wenzao. Togwa, kwa maana nyingine. Miaka 30 baadaye, mtoto wa mjini anapewa juisi ya unga wa rangi kwenye mfuko wa plastiki, na togwa imebaki kinywaji cha kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Nanenane.

Lakini mbege ni pombe. Nalisema wazi kwa sababu nimeshasikia mtu akisema profesa ameruhusu. Hakuna profesa aliyeruhusu. Jaribio lilikuwa la vijana wazima, kwa siku saba, chini ya uangalizi. Halikumhusu mjamzito, mgonjwa wa ini, anayetumia dawa za kifua kikuu, wala yule anayeanza na kikombe na kumalizia mtaroni. Anayetaka faida ya kilichochachuka ana mtindi, maziwa ya mgando na togwa.

Yaliyobaki

Utafiti huu una mipaka, na kuificha ni kuwakosea heshima walioufanya. Wiki mbili haziwezi kumtia mtu kisukari wala kumwondolea. Kilichopimwa ni viashiria kwenye damu. Ugonjwa wenyewe haukupimwa. Vijana 77 ni wachache ukiwagawa makundi. Wote walikuwa wazima, kwa hiyo mwenye presha au sukari asiache dawa zake eti kwa sababu ameanza kula kiburu.

Tena sampuli za Afrika bado ni chache mno. Hesabu iliyofanywa mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 71 ya sampuli za bakteria wa binadamu zinazojulikana zilikotoka ni za Ulaya, Marekani na Kanada. Sayansi ya tumbo la binadamu kwa hiyo imekuwa, kwa kiasi kikubwa, sayansi ya tumbo la Mzungu. Mambo yanaanza kubadilika. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wakiwamo wakazi wa Nairobi, na kutoka kwao kukapatikana vinasaba vya bakteria zaidi ya 1,000 ambao hawakuwa wameorodheshwa popote. Wanawake hao walikuwa wakiishi na bakteria hao siku zote.

Na pengo kubwa la jaribio la Moshi ni hili: halikuwa na wanawake. Homoni za mzunguko wa mwezi hugusa kinga, na watafiti wengi huanza na wanaume ili hesabu zisiwachanganye. Sababu inaeleweka kwa hatua ya kwanza, kwa ya pili haitaeleweka. Uchunguzi wa Wahadzabe wa mwaka 2014 ulikuta bakteria wa wanawake wakitofautiana na wa wanaume ndani ya kambi moja, na wanawake ndio wachimbaji na walaji wakubwa wa mizizi. Huwezi kuchukua damu ya vijana wa kiume ukamwandikia lishe mama anayenyonyesha.

Kwa Wizara ya Afya, Taasisi ya Chakula na Lishe na wafadhili wanaotafuta mahali pa kuweka fedha, ombi ni hili. Lipieni jaribio la pili la Moshi, la wanawake, la miezi badala ya wiki, na humo humo wapimwe bakteria pamoja na damu. Matokeo yakitoka yaandikwe pia kwa Kiswahili na kusomwa kwenye mikutano ya vijiji vilivyotoa damu, kabla hayajasomwa Nijmegen. Na halmashauri zinazopanga chakula cha shule zisingoje jaribio hilo kuanza kununua maharage, ulezi na ndizi za wakulima walio jirani nazo.